Wiki Tatu za Damu ya Kuazima

Mkuu wa shule ameniomba nisiitaje shule yake kwa jina, na kwa kuwa ndilo ombi la mwisho alilonipa kabla ya kunifukuza, nimeona nilitimize. Itoshe kusema kwamba ni shule ya bweni ya wavulana, iko juu ya kilima cha mawe katikati ya mashamba ya pamba, na kwamba vyoo vya kidato cha tatu viliwahi kufungwa siku nne kwa sababu yangu na kilo mbili za hamira. Kwa hilo nilishaadhibiwa. Halimo humu.

Humu yumo Zakayo Luhende, aliyelala kitanda cha juu yangu kwa miaka miwili na nusu, akafa Jumanne moja saa tano asubuhi akiwa na miaka kumi na sita. Mimi naitwa Pius Maduhu. Nilimuua kwa kumsaidia, na ninamwomba msomaji asikimbilie kusema kwamba sikumuua, kwa sababu wameshasema wengi na hakuna aliyeniambia kitu kipya.

*

Ilianzia bafuni, siku ya Jumatatu, kabla ya kengele ya paredi.

"Maduhu," Luhende aliniita, "imewaka njano."

Alininyooshea mkono wa kushoto. Bangili yake ilikuwa nyembamba, ya kijivu, na kwa ndani ilikuwa na sindano fupi kama mdomo wa mbu. Shuleni kwetu walikuwa nazo wavulana ishirini na sita, wote wenye selimundu, ule ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Bibi yangu anasimulia kwamba zamani mtoto wa namna hiyo alilia mifupa wiki nzima, na wapo wazazi walioacha hata kumshonea sare kwa kuona hatamaliza mwaka. Tangu bangili zije, watoto hao wanacheza mpira, wanatoroka shule na kuadhibiwa na viranja kama binadamu wengine.

Taa ya njano maana yake ilikuwa moja. Kila Jumatatu wenye bangili walipanga mstari zahanati, wakaweka mkono juu ya mashine, na mashine ikasoma damu ambayo bangili ilikuwa imeionja asubuhi hiyo. Ilihesabu seli nyeupe. Zikiwa nyingi, dawa ya wiki iliongezwa kidogo. Zikiwa chache, dawa ilipunguzwa, na mwenyewe akaingia chumba cha kioo siku saba, asikimbie, asishikane mkono na mtu, apungiwe tu dirishani kama rais.

"Pole," nilimwambia. "Kioo kinakuita."

"Usinicheke, bwana. Wiki hii ndiyo yenyewe."

Nilijua. Mashindano ya mchakamchaka baina ya mabweni yalikuwa yanaanza Jumanne na yangechukua wiki tatu, na bweni letu lilikuwa limemchagua Luhende awe mwimbishaji. Yeye, aliyeambiwa "kaa chini, mwanangu" tangu azaliwe, angekimbia alfajiri na wavulana themanini nyuma yake wakiitikia wimbo wake.

"Mwachie Kadashi aimbishe," nilisema.

"Kadashi ana sauti ya mbuzi aliyekanyagwa."

Nilinyamaza kwa heshima, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi nikuitikie," nikasema.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu. Mtu asipokuwepo wakati wa kuitwa majina, jirani yake wa kitanda anamwitikia. Hatuombani, hatushukuriani. Kuna mvulana aliwahi kuitikiwa siku tisa akiwa kwao anakula mihogo. Asiyemwitikia mwenzake haongeleshwi na mtu hadi likizo, na ni haki yake. Waliotengeneza bangili walifikiria maji, jasho, wezi na watoto wanaotafuna vitu. Bweni hawakulifikiria.

Luhende alibonyeza kifungo kwa kidole gumba chake, bangili ikaachia, nikaivaa. Iliniuma kidogo. Ikanionja, ikatafakari, ikawaka kijani.

"Damu yako ina sifa gani mbaya?" aliniuliza.

"Uvivu tu."

Nikavaa sweta lake. Vichwa vyetu vyote vilikuwa vimenyolewa na kinyozi mmoja mwenye chuki moja. Muuguzi wetu, Sista Veneranda, alikuwa na mstari wa watu ishirini na sita na macho yake yalikuwa kwenye skrini.

"Luhende!"

"Nipo, Sista."

Mashine ikaandika kwamba Zakayo Luhende ana seli nyeupe tele, na kwamba kwa heshima ya seli hizo dawa iongezwe. Kabla sijaivua, bangili ilinidondoshea matone mawili ya dawa hiyo. Nilisikia kichefuchefu hadi saa nne, na nikajiona shujaa. Nikamrudishia Luhende bangili yake, ambayo ikishaandikiwa dawa ya wiki haipimi tena hadi Jumatatu.

*

Wiki ya kwanza hakikutokea kitu, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kama angeanguka Jumatano ile, leo ningekuwa ninasimulia kisa cha kuchekesha. Lakini alikimbia. Alikimbia vibaya sana, magoti yakielekea pande mbili, akawa wa mwisho kila siku, lakini sauti yake ilitangulia mbele ya wote. Bweni la pili walikuwa na miguu. Sisi tulikuwa na Luhende.

Jumatatu ya pili bangili iliwaka njano tena na nikamwitikia tena. Jumatatu ya tatu ilikuwa njano iliyokolea, karibu ya chungwa, na hatukuijadili hata kidogo. Aliivua akiwa anapiga mswaki, akanipa kama mtu anayempa mwenzake sabuni.

Alhamisi ya wiki hiyo alikataa chai. Alifungua mdomo nikaona vidonda ndani ya mashavu.

"Umekula nini?"

"Pilipili ya Kadashi."

"Kadashi hana pilipili."

"Basi nimekula Kadashi."

Mchana huohuo alikuwa na homa ya kutetemesha kitanda cha chuma. Sikumsikiliza tena. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, na alikuwa mwepesi kuliko begi langu la vitabu.

Sista Veneranda hakuiamini mashine, hata mara moja. Alivuta damu kwa sindano ya mkono, akaiweka chini ya darubini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa Luhende, akaivua ile bangili akaitupa kwenye bakuli la chuma. Hospitali ya mkoa ilisema asisogezwe, kwamba chumba chetu cha kioo kilikuwa sawa na chao. Daktari wao alimwona kwa skrini asubuhi na jioni, na dawa za kuua vijidudu zililetwa na droni siku ileile.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Sista alipotoka kunawa nilimuuliza ni nini.

"Umewahi kufyatua matofali, Maduhu?"

"Sista, nimeadhibiwa mara tisa."

"Basi utaelewa haraka." Alikaa. "Seli ikitaka kuzaa seli nyingine, lazima inakili DNA yake yote, herufi kwa herufi. Kila herufi ni tofali. Udongo upo mwingi mwilini, lakini udongo si tofali. Kuna kimeng'enya kimoja tu kinachougeuza udongo huo uwe tofali la DNA. Katikati yake kina cheche ndogo, na kazi yote inafanywa na cheche hiyo."

"Na dawa?"

"Dawa inaizima cheche. Si yote. Inaipunguza tu, ili tofali zipungue. Uboho wa mifupani, mahali damu inapofyatuliwa, ukikosa tofali unababaika, unakumbuka namna ya zamani ya kufanya kazi. Unaanza kutengeneza damu kama ya mtoto aliye tumboni. Damu hiyo haijikunji mundu. Ndiyo siri yote ya bangili: kumbana fundi huyo wa mifupani bila kumwua."

"Akibanwa sana?"

"Hakuna tofali. Hakuna seli mpya ya aina yoyote. Seli nyeupe, ambazo ni askari wetu, zinaishi siku chache tu. Wa zamani wanakufa, wapya hawazaliwi. Halafu kidonda cha mdomoni, kitu cha kusukutulia maji ya chumvi, kinaingia kwenye damu na hakuna wa kukizuia." Alijipangusa mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa imekauka. "Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini mashine imeongeza dawa wiki tatu mfululizo. Ilipaswa kupunguza."

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya kawaida.

"Sista, mtu akijua kwa nini, matibabu yatabadilika?"

Alinitazama. Nadhani alijua hapo hapo, au alijua nusu na akaiogopa nusu nyingine.

"Hayabadiliki," alisema. "Dawa tumeshaizuia. Sasa tunasubiri uboho uamke."

*

Jumatatu alikuwa na nguvu ya kuongea kupitia kipaza sauti kilichokuwa ukutani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mimi nilikuwa upande wangu wa kioo na maski usoni, ingawa kioo chenyewe kilitosha.

"Umependeza," alisema. "Vaa hiyo kila siku."

"Mama yako yuko njiani. Mkuu kampigia simu. Atafika kesho mchana."

Alifumba macho. Nilifikiri amelala.

"Maduhu, usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Usijifanye mjinga, unajifanya vibaya. Tangu niko darasa la kwanza anaamka kuangalia kama taa yangu ni kijani. Akijua kwamba nilikuwa naivua mwenyewe, kwa kupenda, ili nikaimbe..." Alipumzika kidogo. "Mwache aseme ni mashine. Mashine haina mama."

"Utapona, utamwambia mwenyewe."

"Apa."

"Luhende..."

"Apa, bwana, mdomo unaniuma."

Niliapa. Niliapa kwa jina la Mungu, nikiwa nimeweka kiganja juu ya kioo, mimi niliyewahi kuapa kwa jina hilohilo kwamba sijui hamira ni kitu gani. Kesho yake, saa tano, aliniacha na kiapo hicho. Basi alilopanda mama yake lilikuwa bado kilomita sabini.

*

Tume ilikuja baada ya wiki mbili. Walikalia meza ya walimu kwenye bwalo: Daktari Kemilembe, mwenyekiti, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, wataalamu wawili wa bangili, na mkuu wetu wa shule, aliyevaa suti ya mahafali. Sista Veneranda alikaa pembeni. Mbele kabisa alikaa Mama Luhende, na mapajani pake alikuwa Kabula, mdogo wake Luhende, mwenye miaka saba na bangili ya saizi ya mtoto. Taa yake ilikuwa kijani. Mimi niliitwa kama jirani wa kitanda, kusema lini alianza kuumwa.

Sikuwa nimejua kwamba ana mdogo mwenye bangili. Miaka miwili na nusu, na tulikuwa tumeongea zaidi habari za Kadashi.

Mtaalamu mmoja alionyesha ukutani mistari mitatu. "Jumatatu tatu," alisema, "mgonjwa alikuwa anaelekea kuishiwa seli kabisa, na mara zote tatu bangili imeripoti seli za mtu mzima wa afya. Tumeifungua. Hatuoni kasoro. Hiyo inatutia hofu zaidi, maana kasoro tusiyoiona inaweza kuwa kwenye bangili zote."

"Ni ngapi katika mikoa hii mitatu?" Daktari Kemilembe aliuliza.

"Mia nne na kumi na moja."

"Na zikivuliwa, uchunguzi utachukua muda gani?"

"Miaka miwili. Tukibahatika."

Sista Veneranda alisimama bila kuruhusiwa. "Daktari, miaka miwili bila bangili, hao hawatabaki mia nne na kumi na moja. Watarudi kwenye vidonge vya kukadiria, na vijijini hata vidonge hivyo hamna. Mnajua kabisa."

"Najua, Sista. Na nikiziacha, na Jumatatu ijayo moja ikamwua mwingine?"

Daktari alivaa miwani. Nilikuwa bado nimetulia, ninataka hilo lijulikane. Nilikuwa nikijiambia kwamba wakubwa watapata njia, kwamba kazi yangu ni kiapo tu, na kwamba marehemu ana haki zake. Nilikuwa na hoja nzuri saba hivi.

Ndipo Mama Luhende alipoushika mkono wa Kabula.

"Mimi sisubiri karatasi," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Imekula mmoja, haili wa pili." Akaweka kidole gumba chake kwenye kifungo, maana mtoto mdogo hufunguliwa na mzazi, na bangili ikaachia. Kwenye kifundo cha mkono mwembamba ikabaki alama nyeupe ya duara. Kabula aliitazama alama hiyo, akamtazama mama yake, akauliza, "Sasa mifupa itauma?"

"Haitauma, mama. Mungu yupo."

Hoja zangu zote saba zilikwisha.

"Haikukosea," nilisema.

Daktari Kemilembe aligeuka. "Nani anaongea?"

"Maduhu. Jirani wa kitanda." Nilisimama, na nikaona mkuu wa shule anafumba macho kama mtu anayesikia kishindo jikoni. "Bangili haikukosea. Ilisema kweli mara zote tatu. Damu ilikuwa yangu."

Nikawaeleza. Bafuni, kifungo, sweta, mstari, "Nipo, Sista." Nilieleza kwamba iliwaka njano mkononi pake na kijani mkononi pangu, kwamba mtu aliyehesabiwa si yeye aliyepewa dawa. Mtaalamu aliniuliza tarehe, nikazitaja. Aliniuliza saa, nikazitaja. Aliangalia mistari yake ukutani, akamtazama mwenzake, na kwa kweli usoni alionyesha nafuu, kisha akaonyesha aibu kwa kuona nafuu.

"Kwa nini?" Daktari alisema.

"Alitaka kuimbisha mchakamchaka. Mimi ndiye niliyemshauri."

Mama Luhende alikuwa hajageuka. Niliona mgongo wake tu, na kitenge, na kichwa cha Kabula begani.

"Yeye alijua?" aliuliza, akiwa bado ameelekea meza. "Mwanangu alijua kwamba inawaka njano?"

Hapa ndipo palipokuwa na kiapo. Ningeweza kusema hakujua. Ningeweza kusema nilimdanganya, kwamba nilimwibia bangili akiwa amelala. Nimesema uongo mgumu zaidi ya huo kwa ajili ya mkate. Lakini Daktari alikuwa ameshika kalamu, na bangili ya Kabula ilikuwa wazi mezani, na uongo mmoja wenye tundu ungetosha kuwarudisha kwenye miaka yao miwili.

"Alijua, mama. Aliivua mwenyewe. Na aliniapisha nisikwambie."

Jikoni wapishi walikuwa wakisugua masufuria.

Mama Luhende aliichukua bangili mezani. Aliigeuza, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akamvisha Kabula. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ilipowaka, ndipo aliponigeukia.

"Nilishapata cha kuchukia," aliniambia. "Nilikuwa nimeshatulia nacho. Sasa unajileta wewe badala yake. Utachukiwaje, na wewe ni mtoto?"

Sikujua. Sijui hadi leo.

*

Nilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, kwa maandishi. Tume iliandika kwamba bangili zibaki, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila bangili imjue mwenye nayo kwa damu yake, isikubali mkono mwingine. Sista Veneranda alinishika bega tu, akaondoka haraka.

Sanduku la bati la Luhende lilikuwa limewekwa kwenye baraza la bweni. Mama yake alijaribu kulibeba kichwani, lakini lilikuwa na vitabu vya miaka mitatu, na Kabula alikuwa mgongoni. Nilishika mpini mmoja. Hakunikataza wala hakunishukuru. Alishika wa pili, tukashuka kilima, tukisimama kila alipochoka. Mimi pia nilikuwa ninakwenda kituo hichohicho.

Tulipofika getini aliweka upande wake chini.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Pale mwisho. Mimi nilikuwa ndani ya basi."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa kwenye kioo."

"Aliniita?"

Jua lilikuwa kali, na pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili za barabara. Nilijua kabisa anachotaka kusikia. Kingekuwa neno moja, kisingemwumiza mtu yeyote duniani, na hakuna tume ambayo ingekuja kukichunguza.

"Hapana, mama," nilisema. "Aliuliza kama leo ni siku ya wali."

Alimweka Kabula sawa mgongoni.

"Ilikuwa?"

"Hapana. Ilikuwa Jumanne."

"Jumanne mnakula nini?"

"Makande."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeandika jambo mahali. Kisha akainama akashika mpini wake, akasubiri nishike wangu.